Gari Likikata Pumzi, Usikimbilie Kununua Injini

Mwezi uliopita, siku za bamvua, ami yangu alikuwa akishuka kutoka kwenye feri upande wa Likoni, masanduku matatu matupu ya samaki yakiwa nyuma ya gari. Maji yalikuwa yamekupwa sana. Anayevuka kila siku anajua maana yake: feri inakaa chini, na ule mwinamo wa saruji unageuka kilima. Alipokanyaga mafuta gari likasita, likakohoa mara mbili, kisha likaanza kurudi nyuma polepole. Nyuma yake palikuwa na matatu, na ubavuni mkokoteni wa madafu. Akavuta breki ya mkono. Vijana wawili wakaegemeza mabega, mmoja akatafuta jiwe akatia chini ya tairi. Hakuumia mtu, alhamdulillah. Lakini watu wa Likoni hatujasahau Septemba ya 2019, na gari linaporudi nyuma pale kivukoni, hata kama chanzo ni kingine kabisa, kila mtu moyo humruka.

Jioni ile alikuja kwangu, akakaa kwenye baraza hata chai hakuigusa.

"Mwanangu, injini imekufa. Fundi asema kompreshani imekwisha, nitafute nyingine. Elfu sitini na nane, pamoja na kuifunga."

"Na pesa, ami?"

Akatazama chini. "Mke wangu ametoa bangili zake mbili. Za harusi."

Nikamwomba anipe siku mbili kabla bangili hazijafika kwa sonara.

Mimi siku hizi kalamu ndiyo inayonilisha, lakini stashahada yangu ni ya mitambo, niliichukua pale Mombasa Poli wakati bado ikiitwa hivyo, na nilifanya gereji miaka kadhaa kabla ya kuingia kwenye uandishi. Sanduku la spana bado liko chini ya ngazi. Yale niliyoyafanya kwa siku mbili zile nayaeleza hapa kwa sababu magari ya aina hii ni mengi pwani, na wenyewe ni watu ambao elfu sitini na nane si pesa ya kupotea.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla AE100 ya 1994, injini 5A-FE ya lita moja na nusu. Ina injekta, haina kabureta, na kompyuta yake ni ya zamani. Ami hulitumia kuchukua samaki Shimoni na kuwapeleka Kongowea, safari nne tano kwa wiki.

Jambo la kwanza nililofanya ni kutofungua boneti. Nilimuuliza maswali. Mafundi wetu wengi wana mikono mizuri sana, lakini wana haraka ya kushika spana. Gari linaposumbua, nusu ya jibu iko kwa dereva, ila hakuna anayemuuliza.

"Ladhoofika lini, asubuhi likiwa baridi au likishapata moto?"

"Kusita ni wakati wote. Kila nikitaka kuondoka. Lakini ule udhaifu mwingine, wa njiani, ni nikija na mzigo. Nikishafika karibu na Ukunda, nakanyaga na haliendi."

"Ukisimama?"

"Nikisimama dakika kumi nikanywa maji, laenda kama si lilo."

"Na tangi huwa na mafuta kiasi gani?"

Akacheka kidogo, mara ya kwanza jioni ile. "Wewe wajua mambo ya samaki. Natia ya mia tano, ya mia saba. Na siku hizi layanywa mafuta, silielewi."

Ukiyasoma tena majibu hayo utaona yeye mwenyewe ameshatofautisha mambo mawili ambayo fundi aliyachanganya. Kusita ni pale unapokanyaga na gari linakufikiria kwanza: kuna pengo la sekunde moja, pengine na mshtuko, kisha linaondoka. Kupoteza nguvu ni pale ambapo umeshakanyaga hadi sakafuni, gia ya tatu, na mwendo unazidi kushuka. Kuna na la tatu, kumisi, ambapo silinda moja haifanyi kazi na gari linatetemeka kwa mpigo mmoja unaorudiarudia. Haya matatu yanaweza kuwa na chanzo kimoja, na yanaweza kuwa na vyanzo vitatu tofauti. Fundi akisikia "halina nguvu" na kuanza kubadilisha vitu, anacheza bahati nasibu kwa pesa za mwenye gari. Ami alikuwa ameshabadilishiwa plagi mara tatu, waya za plagi, kifuniko cha distribyuta na pampu ya mafuta. Kila mara gari lilipona kwa wiki moja, kisha likarudia.

Kabla ya injini yenyewe, ondoa kwanza mambo yanayojifanya kuwa injini. Klachi inayoteleza utaijua kwa sauti: injini inapiga kelele zaidi na gari haliongezi mwendo. Breki zinazoshika ni ugonjwa wa pwani kabisa, kwa sababu ya chumvi. Pistoni ya breki ikishaliwa na kutu hairudi, na gari linaburuza breki siku nzima. Endesha kilomita chache bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza mkono karibu na kila rimu. Lililo moto kuliko mengine linakwambia. Kwa ami yote mawili yalikuwa sawa, kazi ya dakika kumi.

Sasa injini. Haina siri kubwa. Inataka hewa ya kutosha, mafuta ya kutosha, cheche kali kwa wakati wake, mahali pa kutolea moshi, na silinda inayobana. Kimoja kikipungua, nguvu inapungua. La muhimu ni kuanza na vipimo visivyogharimu kitu, na kuacha vya kufungua injini mwisho. Fundi yule alianza na hukumu ya mwisho.

Alipimaje hiyo kompreshani? Nilimuuliza ami. Alitoa plagi, akaziba tundu kwa kidole gumba, akapiga stata, akasema "yasukuma kidogo." Kidole si geji. Kidole kinaweza kukwambia kuna silinda iliyokufa kabisa, lakini hakiwezi kukwambia kama injini ina psi 170 au 140, na tofauti ya hapo ndiyo tofauti ya injini nzima na injini inayochoka. Basi ingawa kwa kawaida hiki si kipimo cha kwanza, nilikifanya kwanza, kwa ajili ya bangili.

Injini iwe imepata moto. Plagi zote nne zinatolewa. Unachomoa soketi za koili na injekta, ili cheche isiruke ovyo wala mafuta yasiingie. Halafu mtu anakanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho ili mlango wa hewa ufunguke, na anapiga stata hadi mshale wa geji uache kupanda. Asipokanyaga pedali, namba zitakuwa ndogo na utaihukumu injini kwa uongo. Kwa injini hii, chini ya psi 142 ndipo wasiwasi unaanza, na silinda moja isipitane na nyingine kwa zaidi ya 14. Zetu zilisoma 170, 166, 172 na 168. Gari la miaka thelathini! Kama ingekuwa moja imeshuka, ningetia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu lake na kupima tena. Ikipanda, ringi ndizo zimechoka. Isipopanda, ni vali.

Nilimpigia simu ami palepale. "Bangili zirudi sandukuni." Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza mbona basi gari haliendi. Hilo ndilo lilikuwa swali.

Nilizitazama plagi. Plagi ni kama ulimi wa mgonjwa, daktari huutazama kabla ya jambo jingine. Rangi ya kahawia hafifu, kama maziwa ya chai, ndiyo afya. Nyeupe ya kuungua ina maana mafuta ni machache au injini inachemka. Iliyolowa oili inaonyesha ringi au sili za vali. Nyeusi kavu, ya masizi, ina maana mafuta ni mengi kuliko hewa, au cheche ni dhaifu. Zote nne za ami zilikuwa nyeusi kavu, na zilikuwa na wiki mbili tu. Mwanya wake ulikuwa 0.8, wakati gari hili kwa plagi zake za asili hutaka 1.1 mm, nikazisafisha na kuupanua.

Hapo ndipo inapofaa kusimama na kufikiri. Plagi nyeusi zinasema mafuta ni mengi. Lakini gari linalokufa nguvu kwenye safari ndefu, na kupona likipumzishwa, linasema mafuta ni machache. Mambo mawili yanayopingana ndani ya gari moja. Ama mmoja wao ni mwongo, ama kuna dosari mbili. Mafundi walikuwa wakitafuta dosari moja ya kueleza yote, ndiyo maana hawakuipata.

Nilianza na ile ya mafuta mengi. Chujio la hewa lilikuwa chafu lakini si la kutisha, nililibadilisha. Wakati wa usiku niliwasha injini gizani, boneti wazi, nikatazama waya za plagi. Zikiwa zinavuja utaona vicheche vya buluu vikirukaruka juu ya chuma. Kwetu hapa hewa ina chumvi na unyevunyevu, waya hazidumu kama zinavyodumu bara. Zake zilikuwa mpya, giza tupu. Taiming niliipima kwa taa: digrii 10 kabla ya kilele, kama kitabu kinavyotaka, baada ya kuunganisha vile vishimo viwili nitakavyovieleza sasa hivi. Mkanda wa taiming ukiruka jino moja nao huua nguvu, lakini kwa kompreshani ile nzuri sikuwa na shaka nao.

Vishimo vyenyewe ni hivi. Toyota za miaka ile zina kisanduku cheusi chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Ukifungua kifuniko chake utaona vishimo vyenye majina. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kupiga stata, na taa ya injini kwenye dashibodi inaanza kupepesa. Ikipepesa sawasawa bila kupumzika, kompyuta haijui kosa lolote. Ikipepesa mara nne, ikatulia, ikapepesa mara moja, hiyo ni 41, sensa ya throto, na hiyo ni sababu maarufu ya gari kusita. 31 ni sensa inayopima mvuto wa hewa, 22 ni ya joto la maji. Hakuna mashine ya elfu mbili mia tano inayohitajika hapa. Ila usichomeke waya kwenye vishimo vingine kwa kubahatisha, utaunguza kitu.

Ya ami ilipepesa sawasawa. Hakuna kosa. Wengi wangeishia hapo, lakini kompyuta hujua tu kama waya umekatika au namba haiwezekani. Sensa ikiambiwa uongo kwa adabu, nayo hupeleka uongo kwa adabu.

Gari hili hupima hewa kwa sensa iliyofungwa ukutani nyuma ya injini, inayopokea mvuto kutoka kwenye manifodi kupitia mpira mwembamba, mnene kiasi cha kalamu. Mvuto ukiwa mkubwa, kompyuta inajua injini imetulia na inatia mafuta kidogo. Mvuto ukiwa mdogo, inajua umekanyaga na inatia mengi. Nilipoukunja mpira ule kwa vidole nikaona ufa upande wa chini, palipogusana na chuma. Joto la injini na joto la Mombasa hukausha mpira hadi unakuwa kama biskuti. Kwa ufa ule mvuto ulikuwa unavuja, sensa inaona mvuto mdogo, kompyuta inadhani ami anapanda mlima hata akiwa amesimama sokoni, na inammiminia mafuta. Hapo una plagi nyeusi, una gari linalosita kuondoka, na una jibu la "layanywa mafuta, silielewi." Hata kile kidole cha fundi sasa kina udhuru: petroli ikizidi huosha oili kwenye kuta za silinda na kompreshani huonekana dhaifu kwa muda.

Mpira ule haufiki shilingi mia mbili.

Nikuongezee hapa: mpira mkubwa wa hewa na mingine midogo yote huweza kupasuka vilevile. Mpira uliopasuka kwengine huingiza hewa ya ziada, na mara nyingi utasikia mluzi au injini itapanda na kushuka ikiwa imetulia. Nyunyiza maji ya sabuni mahali unaposhuku huku injini inanguruma. Sauti ikibadilika, umepapata. Kwa magari ya kabureta, kina Peugeot 504 na Datsun yaliyobaki mashambani, kusita mara nyingi ni ule mpira wa pampu ndogo ndani ya kabureta inayorusha mafuta unapokanyaga. Fungua mdomo wa kabureta injini ikiwa imezimwa, vuta waya wa mafuta. Usipoona mchirizi wa petroli, umeshajua.

Tukaenda barabarani. Kuondoka sasa kulikuwa laini, ami anatabasamu. Tulipakia mifuko minne ya mchanga ili gari liwe na uzito wa samaki, tukashika njia ya Ukunda. Karibu na Tiwi gari likaanza kuchoka. Dosari ya pili ilikuwa bado ipo, kama nilivyodhani.

Gari linalopungukiwa na nguvu baada ya mwendo mrefu na mzigo, kwangu mimi lina washukiwa wawili wakubwa: mafuta hayafiki, au moshi hautoki. Wa pili humpima kwa geji ya mvuto. Injini ikiwa imetulia, mshale hukaa kati ya inchi 17 na 22 za zebaki, na namba hizi za kitabu ni za usawa wa bahari, yaani ni zetu hasa. Nairobi itakubidi upunguze kama inchi tano. Unapandisha injini hadi mizunguko 2,500 na kuishikilia hapo. Mshale ukitulia, njia ya moshi iko wazi. Ukishuka taratibu taratibu, moshi umerudi ndani, kawaida ni kataliti iliyoyeyuka na kuziba, hasa kwa gari lililokuwa likimimina petroli isiyoungua. Nilimshuku sana huyu. Lakini mshale ulikaa 19 wala haukusogea.

Basi ni mafuta. Kipimo cha kwanza hakina gharama: gari linapochoka, simama, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia tangi likivuta hewa kwa kishindo, kifuniko kimeziba, na pampu inavuta mafuta kutoka kwenye chombo kisichopumua. Kuna watu wamebadilisha pampu mbili kwa sababu ya kifuniko. Cha ami kilikuwa kizima.

Kisha geji ya presha ya mafuta. Ikiwa imetulia ilisoma psi 32, na nilipochomoa mpira mdogo wa regulata ikapanda hadi 40. Kamili kabisa, na fundi yeyote angesema pampu ni nzima. Lakini gari halikuwa linachoka likiwa limesimama. Nikaipitisha geji kwa mpira mrefu chini ya ukingo wa boneti, nikaibana kwa waipa mbele ya kioo, niisome huku tunaenda. (Mpira uwe wa petroli, na vibanio viwili kila upande. Petroli ikidondoka juu ya ekzosi hutapata nafasi ya kusoma makala nyingine.) Hadi Ngombeni ilikuwa 40 kila nikikanyaga. Karibu na Waa 35. Tulipofika Tiwi, mshale ulikuwa 18 na gari linakokota miguu. Tukasimama dakika kumi. Tulipoondoka tena, 39.

Pampu iliyochoka nayo huweza kupata nafuu ikipumzika, lakini ya ami ilikuwa imeshabadilishwa. Kingine kinachopona hivyo ni kitu kilichoziba kwa uchafu unaovutwa na kung'ang'ania wakati pampu inavuta, kisha ukaanguka chini inapozimwa. Chujio kubwa la mafuta lilikuwa jipya. Nilipima umeme kwenye soketi ya pampu, kwani ardhi ya waya ikiliwa na chumvi pampu huzunguka kivivu. Nayo ilikuwa zaidi ya volti 12. Ikabaki tangini.

Pampu ya gari hili hutolewa chini ya kiti cha nyuma. Tulifanyia uwanjani, si kibandani, betri imefunguliwa, hakuna simu, hakuna sigara, na mafuta yaliyobaki tukayakinga kwenye debe la chuma. Pampu ilikuwa mpya, ina miezi mitatu. Chini yake kuna kisoksi, chujio dogo la kitambaa ambalo pampu huvutia mafuta. Kisoksi kilikuwa cha zamani. Aliyebadilisha pampu alikitoa kile cha zamani na kukivika pampu mpya, pengine kwa kuwa ile ya bei rahisi haikuja nacho. Kilikuwa kigumu, chekundu, kimeganda matope ya kutu kama changarawe ya Kaloleni. Ami alikishika, akakigeuza, akasema, "Hiki ndicho kilichotaka bangili?"

Kutu ile ni ya hewa yetu. Tangi lisilojaa lina nafasi kubwa juu yake, nafasi hiyo ina hewa ya pwani, usiku ikipoa unyevu unakuwa matone juu ya chuma, na chuma kinaliwa kutoka juu ambapo petroli haifiki. Mwenye kutia ya mia tano kila siku huendesha gari juu ya lile bati la chini kabisa ambako kutu imekusanyika. Zaidi ya hayo, pampu ya ndani ya tangi hupozwa na petroli iliyoizunguka. Ikiwa nje ya mafuta huchemka na umri wake hupungua. Na kwenye mwinamo kama wa feri, mafuta machache hukimbilia nyuma ya tangi na pampu ikavuta upepo. Sasa unganisha: mpira uliopasuka ulilifanya gari linywe mafuta, mafuta yakawa ghali, ami akatia kidogo kidogo, tangi likala kutu, kisoksi kikaziba. Siku ya bamvua, plagi zimejaa masizi na tangi tupu, yote yakakutana pale kivukoni.

Watu hupenda kusema ni mafuta ya taa yamechanganywa. Lilikuwa tatizo kubwa kweli, na ndiyo sababu mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipungue. Ukishuku, tia petroli kwenye chupa ya kioo uiache itulie. Maji yatakaa chini, yataonekana. Mafuta ya taa utayajua kwa harufu na kwa injini kugonga unapokanyaga, kama kokoto ndani ya kopo. Lakini siku hizi, ukiniuliza mimi, kituo cha mafuta hulaumiwa kuliko kinavyostahili.

Tangi tuliliteremsha, tukalimwaga, tukalisuuza mara kadhaa hadi maji yakatoka safi, tukalianika juani siku nzima. Fundi wa jirani akajitolea kulichomelea bati jipya mahali palipokuwa pamedhoofika. Nilimkatalia. Tangi la petroli hata likiwa tupu wiki nzima lina mvuke unaotosha kuua, na hilo si la kujaribu kwenye gereji za mitaani kwetu. Tuliliziba kwa gundi ya chuma ya matangi na kumwambia ami aanze kutafuta tangi jingine la mtumba polepole.

Gharama yote: mpira, kisoksi, chujio la mafuta lingine kwa kuwa lile jipya lilikuwa limeshakula kutu, chujio la hewa, gundi. Shilingi 4,350, na chakula cha mchana, biriani, ambayo mkewe alituletea mwenyewe uwanjani. Bangili zilikuwa mkononi. Hakusema neno juu yake, na mimi sikutazama sana.

Nilirudi na ami Tiwi na mifuko yetu ya mchanga, kisha hadi Msambweni, kisha kurudi. Mshale ulikaa 40. Siku ya pili alivuka maji yakiwa yamekupwa, akapanda kwa gia ya kwanza bila kupumua.

Nilimwambia sharti moja tu: tangi lisishuke chini ya nusu, angalau hadi apate tangi jingine. Aliapa. Juzi nilimkuta kituo cha mafuta, dirisha wazi, hajaniona, akimwambia kijana wa pampu, "Tia ya mia tano." Nilipogonga kioo cha nyuma akageuka.

"Tia ya elfu," akamwambia kijana. Kisha kwangu: "Usinitazame hivyo, mwanangu. Samaki hawajalipwa bado."